Ukuta hauzai mchanga

Kusi iliyopita, msimu wa upepo wa kusini, nilikwenda kijijini kwetu, mashariki ya Unguja, nikakuta ngazi za zege zinaning'inia. Ni za hoteli moja, zilijengwa ili wageni washuke ufukweni. Sasa ile ya mwisho inanifika kiunoni, na chini yake ni mawe matupu. Miaka michache nyuma ilikuwa imefukiwa na mchanga. Mlinzi akaniambia, "Bahari inakula, kaka." Nikaitikia nikapita, lakini neno lile limenikaa. Kila mtu anasema hivyo, na mimi naona tunaisingizia bahari.

Unguja haina mto mkubwa wa kutuletea mchanga, kama Rufiji inavyowaletea wenzetu wa bara. Mchanga wetu mweupe unatoka baharini humu humu: matumbawe yaliyovunjika, magamba ya kombe, mwani mgumu wenye chokaa. Tena yuko pono, huyu huyu tunayemla kwa wali. Anaguguna jabali kwa meno yake yaliyokaa kama mdomo wa kasuku, anasaga, anachukua chakula chake, kinachobaki anakinya kikiwa mchanga. (Wageni wanaojipaka ule weupe miguuni na kupiga picha, sidhani kama kuna aliyewaambia umepitia wapi.) Kwa hiyo mchanga huu hauji kwa malori. Unakuja kidogo kidogo, na mwamba wa matumbawe ukifa, kama matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalivyopauka na kufa kwa joto la maji mwaka 1998, wa kuuleta anapungua.

Na hata huo uliopo haukai pahala pamoja. Kusi ikivuma, mawimbi yanaupiga ufuko kwa mshazari na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia, unarudishwa kusini. Nilipokuwa mdogo nililia siku niliyokuta uwanja wetu wa mpira umeondoka, yamebaki majabali. Ami, ambaye ni mvuvi, alinicheka: "Haujaibiwa huo, umesafiri." Kaskazi ilipoingia tukacheza tena.

Sasa mwekezaji anakuja lini kutazama kiwanja? Anakuja ufuko umejaa na bahari imelala. Anapima, anajenga baa juu ya mchanga ambao ifikapo Julai haupo. Kisha kusi inakutana na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na bamvua letu si la mchezo, maji yanapanda na kupwa karibu mita 4. Bahari ikijaa hivyo, mawimbi yanapita juu ya mwamba bila ya kuvunjika vya kutosha, yanafika mpaka kwenye nguzo za baa. Hapo ndipo anapoitwa fundi ajenge ukuta.

Wimbi likipanda ufuko wenye mteremko linachoka njiani, maji yanazama mchangani, na mchanga uliobebwa unabaki juu. Likipiga ukuta uliosimama wima halichoki. Linarudi na nguvu zake, linachimba pale pale chini ya msingi. Mchanga uliokuwa nyuma ya ukuta, ambao bahari ingeukopa wakati wa kusi na kuurudisha baadaye, umefungiwa ndani. Ukuta unaokoa baa, hilo sikatai. Ufuko ndio hauokoki, na jirani aliye upande mchanga unakokwenda hapati tena fungu lake. Naye anajenga ukuta. Bahari ikijaa, kina mama wanaotoka kwenye mwani hawana pa kupita isipokuwa nyuma ya hoteli, kwenye lango lenye mlinzi.

Msinielewe vibaya kwamba nachukia kuta zote. Mji Mkongwe bila ya ukuta pale Forodhani na Mizingani ungekuwa hadithi nyengine. Ni mji wa mawe, umekaa ukingoni, huwezi kuuambia urudi nyuma. Lakini baa ya makuti inaweza kurudi nyuma. Kuilinda kwa gharama ya pwani ya kijiji kizima ni jambo ambalo wenye kutoa vibali wanapaswa kulionea haya.

Kuna mambo madogo yanayoniudhi zaidi pengine. Kila asubuhi vijana wanatumwa na reki kuondoa majani ya bahari yaliyotupwa na maji, eti yanachafua. Majani yale ndiyo yanayoushika mchanga usipeperuke wala kuchukuliwa. Vivyo hivyo na mimea inayotambaa juu ya ufuko: inang'olewa, panapandwa ukoka wa kumwagiliwa kwa maji matamu, ambayo nusu ya kijiji inayapata kwa ndoo. Pemba, pale Kisiwa Panza, watu waliovamiwa na maji ya chumvi mashambani wamerudi kupanda mikoko. Sisi huku tunalipa watu wang'oe.

Najua hoja ya ajira. Wapwa zangu wawili wanafanya kazi hotelini, na pesa yao imeezeka nyumba ya bibi. Lakini hakuna mgeni anayesafiri kutoka Italia kuja kutazama ukuta wa zege.

Juzi binamu yangu alinipigia simu. Mwenye zile ngazi ameshusha mawe, malori matatu, yamepangwa mbele ya kiwanja. Kaskazini yake tu, hatua hamsini hivi, ndipo lilipo diko la kina ami, wanapoegesha vyombo vyao.