Yukikaze: manowari inayolaumiwa kwa kutozama

Wapenzi wa historia ya Vita Kuu ya Pili wakifika kwenye habari za Yukikaze, manowari ya Kijapani, hugawanyika. Wapo wanaosema ilikuwa na nyota. Wengine wanaiita nuksi: inatoka na wenzake, inarudi peke yake. Hata Japani walikuwapo walioiita mungu wa mauti. Maneno ya kundi hili la pili ndiyo matamu kusimulia, ndiyo maana yameenea. Naona meli hiyo inaonewa.

Yukikaze iliingia kazini Januari 1940. Ilikuwa ya daraja la Kagerō, manowari ndogo zenye mwendo wa noti 35 hivi (kama kilomita 65 kwa saa), zilizoundwa kurusha torpedo, yaani makombora ya chini ya maji, na kusindikiza meli kubwa. Za daraja hilo zilikuwa 19. Vita vilipokwisha Agosti 1945, 18 zilikuwa zimezama, na hii moja ilikuwa inaelea. Haikuwa imejificha bandarini: ilikuwepo kwenye mapigano ya Pasifiki ya Bahari ya Java, Midway, Guadalcanal, Kolombangara na Leyte, Ufilipino.

Wanaoiita nuksi wana hoja, na si ya kijinga. Oktoba 1944, kwenye vita vya Leyte, manowari kubwa Musashi ilizama ikiwa msafara mmoja na Yukikaze. Novemba 21 ikafuata Kongō, manowari kubwa nyingine, Novemba 29 Shinano, na Aprili 7, 1945 ikawa zamu ya Yamato, nayo manowari kubwa. Kote huko Yukikaze ilikuwa miongoni mwa wasindikizaji. Kazi ya msindikizaji ni kumfikisha anayesindikizwa, na mlinzi ambaye kila nyumba anayoilinda inavunjwa hawezi kutamba kwamba yeye hajawahi kukwaruzwa. Ukiishia kwenye orodha hiyo, kesi imekwisha.

Lakini chukua Shinano. Ilikuwa meli ya kubeba ndege, kubwa kuliko zote za aina hiyo wakati ule, ikahamishwa kutoka bandari ya Yokosuka, Japani, kabla ujenzi haujakamilika. Mabaharia wake wengi walikuwa wageni kwenye kazi, na boila 4 kati ya 12 hazikuwa zikifanya kazi. Wasindikizaji walikuwa watatu tu: Isokaze, Hamakaze na Yukikaze, wote wakiwa wametoka Leyte karibuni, wawili wa kwanza wakiwa na majeraha ya huko. Makamanda wao walitaka safari ya mchana, kandokando ya pwani. Kapteni Abe Toshio wa Shinano akaamua usiku. Nyambizi ya Marekani, Archerfish, ilipoonekana usiku huo, Isokaze ilichomoka kuifuata. Abe akaiita irudi, akihofia ni chambo cha kuwavuta wasindikizaji ili nyambizi nyingine zipate nafasi. Saa tisa na dakika kumi na saba alfajiri, torpedo 4 zikaipiga Shinano. Watu 1,435 walikufa. Nuksi iko wapi hapo? Aliyetaka kuikimbiza nyambizi alikatazwa, na aliyekataza hakuwa kwenye Yukikaze.

Kongō nayo vivyo hivyo. Usiku ule torpedo za nyambizi Sealion ziliipiga pia Urakaze, msindikizaji wa daraja hilihili la Kagerō, ikazama na watu wake wote. Laiti Yukikaze ingekuwa mahali pa Urakaze, Kongō ingezama vilevile, na leo tusingekuwa na wa kumtupia lawama. Lawama inaiangukia Yukikaze kwa sababu ilibaki.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoilaumu hawaligusi kabisa. Machi 1943, kwenye Bahari ya Bismarck, msafara wa meli 8 za kubeba askari na manowari 8 ulikuwa ukielekea Lae, New Guinea. Meli ya kwanza ilipozamishwa, Yukikaze na mwenzake Asagumo waliokota mamia ya manusura, wakawakimbiza usiku hadi Lae, wakawashusha. Kisha wakageuza wakaufuata msafara, uleule ambao ndege za adui zilikuwa zimekwisha uona. Ndani ya siku mbili meli zote 8 za askari na manowari 4 zilikuwa zimezama. Anayeambiwa anawakimbia wenzake angekuwa na udhuru mzuri wa kubaki Lae.

Kwa upande mwingine, siwafuati wale wa "nyota" hadi mwisho. Ukiwa na meli 19 katika vita virefu kiasi kile, moja kubaki si muujiza. Wenyewe Wajapani walikuwa na ya pili ya kusifiwa, manowari Shigure ya kituo cha Sasebo, nayo ikazamishwa na nyambizi Januari 1945. Pia kuisifia bahati ni kuwapunja mabaharia. Inasimuliwa kwamba Kapteni Terauchi Masamichi, siku ya Yamato, alitoa kichwa kwenye tundu la dari akiziangalia ndege zinavyoshuka, huku akimwelekeza ofisa aliye chini yake upande wa kugeuza meli kwa teke la bega la kulia au la kushoto. Hata hivyo siku hiyohiyo kombora moja liliipiga meli na halikulipuka. Hilo ni bahati, silibishii.

Hesabu inayonisumbua zaidi ni ya baada ya vita, na wote wawili, wa nyota na wa nuksi, huiruka. Mizinga iling'olewa, Yukikaze ikapewa kazi ya kuwarudisha Wajapani nyumbani kutoka ng'ambo, Rabaul, karibu na New Guinea, ikiwemo. Hadi mwisho wa 1946 ilikuwa imefanya safari 15 na kubeba watu zaidi ya 13,000. Gawanya: ni zaidi ya 850 kwa kila safari. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 118, upana usiofika mita 11, na iliundwa kuchukua mabaharia 240 hivi. Vibanda vilijengwa juu ya sitaha, pale palipokuwa na silaha, ili watu wapate pa kulala. Kwa wengi wa abiria hao, ile ilikuwa ndiyo meli iliyowatoa vitani.

Mwaka 1947 ilikabidhiwa serikali ya China, iliyohamia Taiwan baadaye, kama fidia ya vita, ikaitwa Dan Yang, ikahudumu Taiwan kwa miaka mingi kabla ya kuvunjwa. Japani waliiomba irudishwe. Walichopata ni usukani na nanga, vilivyowekwa Etajima, kwenye chuo cha wanamaji cha Japani.

Wanaohesabu waliokufa karibu na Yukikaze hufunga daftari Aprili 7, 1945. Wakiendelea hadi Desemba 1946 watakutana na hao 13,000, na sijaona bado anayeweza kueleza nuksi gani hiyo inayofikisha watu wengi hivyo makwao.