Blokucheini Haipimi Shamba

Hapa Malindi, neno blokucheini likitajwa, aghalabu hufuatwa na ahadi kwamba migogoro ya ardhi itakwisha pindi hatimiliki zitakapohamishiwa humo. Naona ahadi hiyo inapaka dawa pasipouma.

Blokucheini ni daftari ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, hata mwenye nakala akibadilisha yake kwa siri, wenzake watagundua. Maandishi hupangwa katika kurasa, na kila ukurasa hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na ukurasa uliotangulia. Katika Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza Januari 2009 kwa kazi ya mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, alama hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Katika daftari la ardhi, ukigeuza "ekari 3.5" kuwa "ekari 3.6", utapata alama nyingine kabisa, na kurasa zote zinazofuata zitamuumbua aliyechezea. Ni ufundi wa kusifiwa.

Hata hivyo, hesabu hiyo inathibitisha tu kwamba ekari 3.5 ziliandikwa, haijui kama mpima ardhi alifika shambani, wala kama bikoni, yaani alama za mipaka, zilisogezwa usiku wa kuamkia siku ya kupima. Msomaji wa data yoyote hana budi kuuliza ni nani aliyeiandika, alijuaje, na ni nani hakuwepo ilipoandikwa. Swali hili la mwisho ndilo zito kwetu Pwani. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba wawasilishe madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Familia nyingi za Wamijikenda, wenyeji wa Pwani, hazikupata cheti cha ardhi waliyokuwa wakiilima, na wajukuu wao leo wanaitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na hatimiliki. Lau daftari lile lingalikuwa la blokucheini, lingalikaguliwa likaonekana safi, na dhuluma ile ile ingalidumu humo.

Sikatai kwamba faili hupotea na ploti moja huuzwa kwa watu wawili, na hapo teknolojia hii inafaa, ingawa hifadhidata ya kawaida yenye kumbukumbu ya nani alibadilisha nini ingetosha kwa sehemu kubwa, tena kwa gharama ndogo. Wanaoileta kwetu watueleze kwanza ni nani atakayeketi na wazee wa hapa kukubaliana mipaka kabla ya ukurasa wa kwanza kufungwa, na mtu akikuta shamba lake limeandikwa jina la mwingine, ingizo la kulisahihisha litaandikwa kwa amri ya nani.