Mfungwa akiugua, nani amtibu na kwa fedha za nani?

Kila bajeti ya magereza inapojadiliwa huzuka swali lilelile: kwa nini aliyeiba atibiwe bure wakati aliyeibiwa anakopa ili anunue dawa? Watetezi wa haki za wafungwa wengi hulikwepa, au humwona muulizaji kuwa mtu asiye na huruma. Sioni kama wanamtendea haki. Hoja yake ni ya zamani na ina uzito. Sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1834 ilijengwa juu ya fikra hiyohiyo, kwamba anayetunzwa kwa fedha za umma asiishi vizuri kuliko kibarua fukara anayejitafutia mwenyewe. Sheria ile iliwahusu maskini, lakini mantiki yake ndiyo inayotawala mijadala ya magereza hadi leo.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizoidhinishwa mara ya kwanza mwaka 1955, zikapitiwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zimeshika njia nyingine. Kanuni ya 24 inasema matibabu ya mfungwa ni wajibu wa dola, ni bure, na yawe ya kiwango kilekile kinachopatikana katika jamii. Haisemi kiwango bora zaidi. Kwa hiyo mahali ambapo hospitali ya umma haina dawa, kanuni hiyo haimpi mfungwa sababu ya kudai za kwake kwanza, na lalamiko la raia maskini, ambalo ni halali kabisa, lingepaswa kupelekwa kwenye hospitali hiyo. Tofauti iliyopo ni kwamba raia huyo anaweza kubadili zahanati, kuomba msaada kwa ndugu, au kuhama chumba chenye mtu anayekohoa. Mfungwa hawezi, na aliyemzuia ni dola yenyewe. Hakimu alimhukumu miaka mitatu. Hakuandika kifua kikuu kwenye hukumu.

Mandela mwenyewe aligundulika kuwa na kifua kikuu mwaka 1988 akiwa gereza la Pollsmoor, akapelekwa hospitali, akapona. Alikuwa mfungwa anayefuatiliwa na dunia nzima. Wengi walio ndani hawafuatiliwi na yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo hoja ya "wavune walichopanda" hailifikii. Duniani kuna wafungwa na mahabusu zaidi ya milioni 10, na takriban mmoja kati ya kila watatu hajahukumiwa. Huyu hajapanda chochote kisheria. Wengine watakuja kuachiwa huru baada ya kesi kuahirishwa mara kwa mara, na kama wameambukizwa ugonjwa katika kipindi hicho, sijui tuwaambie ni adhabu ya kosa gani.

Wapo wanaojaribu kuwashawishi walipakodi kwa njia ya maslahi: ukimtibu mfungwa unajilinda mwenyewe. Historia iko upande wao. Mwaka 1577 huko Oxford homa ya jela ilitoka na washtakiwa hadi mahakamani, ikaua majaji na wazee wa baraza. Mwaka 1750 ikapiga tena mahakama ya Old Bailey, London, na meya wa jiji akawa miongoni mwa waliokufa. Katika miaka ya 1990 magereza ya Urusi yaligeuka vituo vya kuzalisha kifua kikuu sugu kilichotoka nje na walioachiwa. Askari naye hulala nyumbani kwake, si gerezani. Hoja hii ni nzuri, lakini naiamini nusu tu, kwa sababu inaishia kwenye kikohozi. Kisukari hakiambukizi. Wala skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, wala jino bovu. Anayetibu kwa kuogopa kuambukizwa atawaacha hao wote.

Suala zito zaidi, na lisilozungumzwa sana, ni daktari wa gereza anawajibika kwa nani. Akiwa chini ya mkuu wa gereza, ana mabwana wawili: mgonjwa, na ofisi inayomlipa mshahara. Ataandikaje majeraha ya kipigo kwenye faili la mgonjwa ikiwa aliyepiga yuko ofisi ya jirani? Kanuni ya 27 inataka uamuzi wa kitabibu ufanywe na wataalamu wa afya tu, na wasio wataalamu wasiutengue. Norway ilihamishia huduma ya afya ya magereza kwenye mfumo wa kawaida wa afya mwaka 1988, Ufaransa mwaka 1994, na England na Wales zikakamilisha mwaka 2006.

Wakuu wa magereza wana majibu yao, na mengine ni ya kweli. Kumpeleka mfungwa mmoja hospitali kunahitaji askari wa kumsindikiza, gari na siku nzima, na wengine huumwa siku ambayo wamepanga kutoroka. Pia wizara ya afya yenye upungufu wa wauguzi inaweza kuyafanya magereza kuwa ya mwisho kwenye orodha. Bado naona uhamisho huo wa huduma una faida kubwa kuliko hasara, ilimradi fedha zihame pamoja na jukumu. Jukumu likihama peke yake, mgonjwa atakuwa hana mwenyewe.

Kwenye urekebishaji wa tabia za wafungwa, ushahidi ni mgumu zaidi. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani Robert Martinson alichapisha tathmini iliyosomwa kuwa hakuna programu inayofanya kazi. Wanasiasa waliipokea kwa furaha. Mwaka 1979 alirekebisha msimamo wake, lakini wakati huo wasikilizaji walikuwa wameshaondoka. Uchambuzi wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliosoma gerezani walikuwa na uwezekano wa kurudi uliopungua kwa asilimia 43, na kila dola moja iliyotumika iliokoa dola nne hadi tano ndani ya miaka mitatu. Mwenye shaka atasema, kwa haki, kwamba anayejiandikisha darasani huenda tayari ameshaamua kubadilika. Tahadhari hiyohiyo inahitajika tunapoisifu Norway kwa takriban asilimia 20 wanaorudia makosa ndani ya miaka miwili, huku Marekani karibu theluthi mbili wakikamatwa tena ndani ya mitatu. Mmoja anahesabu hukumu, mwingine anahesabu kukamatwa.

Hata programu nzuri haifanyi kazi seli zikijaa. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha amri ya mahakama ya chini iliyoitaka California ipunguze wafungwa hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa magereza yake, kwa kuona kwamba matibabu yasingeweza kunyooka katika msongamano uliokaribia mara mbili ya nafasi zilizopo. Uamuzi ulipita kwa majaji watano dhidi ya wanne, na waliopinga walionya kuhusu usalama wa raia. Onyo hilo halipuuziki, ingawa kupunguza msongamano si lazima kuanzie kwa majambazi sugu. Mahabusu wa makosa madogo waliokosa dhamana ni wengi.

Kama ningepewa fedha kidogo tu, nisingeanzia seli wala darasa. Ningeanzia langoni, siku ya kutoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine, na ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya mara 129. Mwili uliokaa bila heroini hauhimili tena kiasi cha zamani. Aliyekuwa kwenye dawa za VVU au kifua kikuu naye hutoka bila faili, anakatiza dozi, na kazi yote iliyofanywa ndani inapotea.

Dawa za mwezi mmoja mkononi, nakala ya faili, na miadi kwenye kituo kinachojua kwamba anakuja: hayo hayahitaji jengo jipya wala sheria mpya. Yanahitaji wizara mbili zikubaliane nani alipie huo mwezi.