Salfa haiyeyuki, na haipotei

Msimu wa kupuliza mikorosho ukifika, kuanzia Newala mpaka Nachingwea unasikia maneno yale yale. Mvua ya ghafla ikinyesha, watu wanasema salfa, ule unga wa njano wa kuua ukungu wa maua, imeyeyuka. Mwezi ukipita, wanasema imeisha. Haijayeyuka wala haijaisha, na inaniuma kuona watu wanaoujua mkorosho kuliko mtu mwingine yeyote nchini wakiachwa na imani hiyo, maana hasara yake wanakuja kuivuna wenyewe.

Wanafunzi wetu wanakariri elementi 20 za mwanzo, halafu hakuna anayewaambia kwamba namba 16, ile iliyo chini ya oksijeni kwenye jedwali, ndiyo iliyojaa kwenye mifuko ya njano stoo kwao. Tabia zake ndizo zinazoamua kazi ya shambani. Haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana umande wa alfajiri unainatisha kwenye maua bila kuiharibu. Inapopata joto hutoa mvuke kidogo unaoua ukungu wa ubwiriunga, ule unaofunika maua kama unga mweupe, lakini joto likipita nyuzi 32 hivi, mvuke huo huo unaunguza maua. Kwa hiyo puliza mapema, upepo ukiwa umetulia; kipimo kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti mkubwa, kila baada ya siku 14. Vumbi lake hushika moto, basi mashine izimwe na ipoe kabla ya kuongeza petroli, na sigara ikae mbali.

Kinachonisumbua ni baada ya hapo. Elementi haifi. Salfa iliyooshwa na mvua imeshuka ardhini, na huko bakteria wanaiunganisha na oksijeni na maji, inakuwa asidi. Hesabu ni ya darasani: gramu 32 za salfa hutoa gramu 98 za asidi, na kuizima kunahitaji gramu 100 za mawe ya chokaa yaliyosagwa. Mti uliopulizwa mara 5 umepokea kilo 1.25. Ikishuka yote, inadai karibu kilo 3.9 za chokaa. Kwa misimu 10 ni kilo 39, mti mmoja!

Nakubali, si yote inayobaki chini ya mti ule ule. Nyingine upepo unaipeleka kwa jirani, na sehemu ya asidi inazama na mvua. Lakini udongo wetu wa kichanga hauna mboji wala mfinyanzi wa kutosha kuhimili hata hicho kinachobaki, na watafiti walishaonya tangu miaka ya 1990. pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo ambacho hushuka asidi ikizidi, ikifika chini ya 5.5 hivi, alumini iliyokuwa imefungwa udongoni inaanza kuachiwa, na ncha za mizizi zinadumaa. Mkorosho unavumilia. Karanga zilizopandwa katikati ya mistari hazivumilii: unang'oa shina, maganda yamejaa mkononi, unayabonyeza, hamna kitu ndani, kwa kuwa kalsiamu imekwisha. Hapo lawama zote zinaiendea mbegu.

Sisemi tuache salfa. Bila kuuzuia ubwiriunga hakuna korosho, na dawa za maji zinadai maji ambayo vijiji vingi vya juu Makonde havina. Ninachodai ni kwamba anayegawa salfa azungumzie na chokaa. Mawe yake yapo hapa hapa kusini, viwanda vya saruji vinayachimba.

Mwenye shamba aanze na kipimo. Chukua udongo wa sentimita 20 za juu kutoka sehemu kadhaa chini ya kivuli cha miti, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki. Chukua mwingine nje ya kivuli, uuweke mbali na ule wa kwanza. Kausha yote kivulini, kisha waulize TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara, pa kuupima. Ukiona pH ya chini ya mti imeachwa mbali na ya nje, mwaga chokaa kabla ya mvua za Novemba na uifukie kwa jembe kidogo, kwa sababu ikiachwa juu inashuka polepole mno. Usiichanganye na mbolea ya amonia siku moja, utapoteza naitrojeni hewani.