Gari la Kwanza Nairobi: Unanunua Gari au Unanunua Namba?

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unatafuta gari lako la kwanza, hakuulizi injini wala bei. Anakuuliza, "Namba gani?" Namba D, yaani usajili unaoanza na KD, ina heshima yake, C inavumilika, B inachekwa kidogo, na mwenye A huulizwa kama analipeleka makavazi. Ndiyo maana kijana aliyejibana na sacco hadi akafikisha laki saba hujikuta katikati ya ubishi ule ule: achukue sasa hivi gari lililotumika hapa nchini, au akope zaidi, avuke milioni, apate lililoshuka Mombasa juzi ambalo hakuna Mkenya aliyeliendesha?

Kila upande una hoja ya haki, ila kwa maoni yangu ile inayopigiwa kelele zaidi, ya namba mpya, ndiyo dhaifu zaidi.

Tuanze na Japani. Gari jipya kule hukaguliwa kisheria likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kadiri linavyozeeka ndivyo wenyewe wanavyoona afadhali waliuze kuliko kuendelea kuligharamia. Likifika mnadani, mkaguzi hulijazia karatasi: kilomita, mikwaruzo, kutu, na alama ya jumla. Alama ya 4 au 4.5 ni gari safi. Herufi R maana yake liligongwa likarekebishwa. Gari lililozunguka Kayole au Karen miaka minane halina karatasi kama hiyo, na mara nyingi halina hata risiti moja ya kubadilisha oili. Kwa hiyo anayeagiza mwenyewe na kuisoma karatasi ya mnada anajua mengi kuliko anayenunua kwa jirani. Anayechukua kwenye yadi ya Ngong Road au Kiambu Road bila kuidai hana cha kushikilia isipokuwa rangi iliyopigwa polishi.

Kinachouma ni ushuru. Chukua thamani ya forodha ya shilingi 100. Ushuru wa forodha, ambao tangu 2023 ni asilimia 35, unaifikisha 135. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500 (ikizidi hapo ni 25), tunafika 162. Juu ya hiyo tena VAT ya asilimia 16, karibu 188. Bado hujalipa ada ya tamko la uagizaji, ada ya reli, gharama za bandari, wakala wa forodha, na faida ya mwenye yadi, ambaye naye ana kodi ya kiwanja kando ya barabara kuu. Kwa hivyo sehemu kubwa ya pesa ya gari la kwanza huishia serikalini kabla hujawasha injini, na siku utakayoliuza mnunuzi atalikagua gari, hatakagua ulilipa ushuru kiasi gani.

Na huo "upya" wenyewe tuuangalie vizuri. KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8 kuingia; kwa mfano, lililoingia 2025 lilipaswa kuwa limesajiliwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2018. Kwa kuwa KRA, mamlaka ya mapato, hupunguza thamani ya gari kulingana na umri, waagizaji wengi huleta yale yaliyokaribia ukomo. Herufi kwenye namba inasema gari lilisajiliwa lini Kenya, haisemi lilitoka kiwandani lini. KDA ya 2020 inaweza kuwa gari la 2013. KCZ iliyosajiliwa miezi michache kabla yake huenda ni la mwaka huo huo wa 2013, modeli ile ile, hata rangi ile ile, ila mwenye D atataka umwongezee maelfu kwa sababu ya herufi. Kwa anayenunua gari la kwanza, hiyo tofauti ndiyo pesa ya tairi nne na bima.

Kuna jambo lingine wauza magari hawalitaji. Magari madogo ya miaka ya karibuni, Nissan Note, Nissan March, Toyota Vitz za baada ya 2010, mengi yana giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Inapunguza mafuta kweli, lakini inataka oili yake maalum. Fundi akiimwagia oili ya kawaida ya gia za otomatiki, ameanza kuiua, na kubadilisha giaboksi nzima ni gharama ambayo mwenye gari la kwanza hakuipangia. Toyota Probox nyingi za kabla ya 2014 zina gia nne za otomatiki za zamani na injini ya 1NZ yenye cheni ya taimingi badala ya mkanda. Injini hiyo hiyo imo kwenye Fielder na Axio nyingi. Sura ya Probox si ya kutongozea mtu, nakubali, lakini hakuna fundi wa Kariobangi au Industrial Area asiyeijua, na spea zake ziko Kirinyaga Road na Grogan, mpya na za mtumba, siku yoyote ile isipokuwa Jumapili mchana.

Hapo ndipo gari lililotumika hapa lina nguvu: bei imeshashuka kwa mfuko wa mtu mwingine, na mashimo yetu yameshatoboa siri zake. Shoki zilizochoka zinajulikana kuwa zimechoka.

Lakini tusijidanganye, upande huu ndio wenye ulaghai mwingi zaidi. Kilomita hurudishwa nyuma. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari mjini, na baadhi yalikaushwa, yakaoshwa, yakarudi sokoni. Kisha kuna teksi za programu: Vitz na Mazda Demio nyingi zimebeba abiria usiku na mchana kabla ya kuitwa "gari la mama, linaenda kanisani tu". Kitasa cha ndani cha mlango wa nyuma huumbua uongo huo. Gari la mtu binafsi huchakaa upande wa dereva. La teksi huchakaa pia milango ya nyuma, na kwenye dashibodi kuna alama ya duara palipobandikwa kishikio cha simu.

Ukaguzi wenyewe hautaki mitambo. Fika asubuhi bila kutoa taarifa ya saa kamili, na uguse boneti kabla gari halijawashwa. Ikiwa ina joto, muuzaji amekutangulia kuficha namna linavyowaka likiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta uchafu wa rangi ya chai ya maziwa, maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye injini. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa. Sehemu ile haioshwi na mtu, na mstari wa tope hubaki pale hata zulia likibadilishwa. Halafu, mguu ukiwa kwenye breki, toa gia kutoka P hadi R hadi D taratibu. Likikurusha, mshukuru mwenye gari uende zako. Mwisho angalia kichwa cha bolti zinazoshikilia mabawa ya mbele. Rangi ikiwa imekwaruzwa, bawa limewahi kutolewa, uliza kwa nini. Haya yote yakipita, ndipo ulipe fundi wako, usiletewe na dalali, alitazame chini.

Kuhusu ukubwa wa injini nitasema kidogo tu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Vitz ya cc 1,000 ni tamu sana kati ya Donholm na mjini. Ijaze watu watano na gunia la viazi, uipandishe kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru nyuma ya lori, ndipo utajua kwa nini watu hupenda cc 1,300 au 1,500. Petroli ilipofika shilingi 217.36 kwa lita hapa Nairobi Oktoba 2023, wengi walikimbilia injini ndogo kabisa. Kwa mtu asiyetoka mjini ni sawa, kwa mwenye kwao Nyahururu si sawa. Demio za dizeli ningeziacha, kwa sababu masizi huzisumbua kwenye foleni na safari fupi, na Honda Fit za haibridi za 2013 na 2014 ziliitwa kiwandani mara kadhaa kwa ajili ya giaboksi.

Basi ningechagua nini? Kwa mwenye laki saba na hana zaidi, gari lililotumika hapa nchini, la kampuni ambayo spea zake zimejaa, kutoka kwa mwenyewe wala si kwa dalali, kwa bei ya laki tano na nusu hivi. Ile laki moja na nusu iliyobaki isiguswe: miezi ya kwanza itadai betri, bushi, pedi za breki na oili zote. Ukimaliza pesa yote kwenye kununua, gari zuri litalala gerejini kwa sababu ya kitu cha elfu nane. Ninabadilisha msimamo kwa mtu mmoja tu, yule anayelipa taslimu, anayeagiza mwenyewe akiwa na karatasi ya mnada mkononi, na anayetaka kukaa na gari miaka kumi. Huyo ushuru wake utagawanyika kwa miaka mingi. Anayekopa ili afikie namba D analipa ushuru pamoja na riba yake, na wala hatapunguziwa spea hata moja.

Kabla ya shilingi kutoka, tafuta rekodi ya gari kwenye akaunti ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ada yake haifiki 1,000. Likiwa limewekwa rehani, jina la benki au la mkopeshaji litaonekana pamoja na la mwenyewe, na umiliki hauhamishiki bila wao. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako. Hayo yanawezekana mkiwa mmekaa meza moja, kila mtu na simu yake. Akikwambia mwenye jina yuko ng'ambo na atathibitisha wiki ijayo, mwambie pesa nazo ziko njiani, zitafika wiki ijayo.