Karakana ya mbao za mawimbi hukulia chumba cha rezini

Kila nikisoma habari za familia iliyoanza kwa kutengeneza mbao za kuteleza kwenye mawimbi gereji na sasa ina karakana kubwa, sifa zote humwendea baba mwenye randa. Ndiye anayepigwa picha akiwa amejaa vumbi jeupe, na jina lake ndilo linaloandikwa kwa penseli juu ya povu gumu, ambalo ndilo kiini cha ubao. Simnyang'anyi haki yake. Ila tukitaka kujua karakana ilikuaje, tuingie chumba cha pili, cha rezini, ule utomvu wa kiwandani unaopakwa juu ya povu ukaganda na kuwa gamba gumu.

Kuchonga si kikwazo tena. Mashine inayoongozwa na kompyuta hulikata donge la povu, mzee akabaki na kumalizia kwa msasa na kupapasa kingo. (Wanaolia kwamba mashine imeua ufundi wananichosha, randa ya umeme nayo ni mashine.) Lakini povu lililochongwa bado hubonyea kwa kidole. Linalolipa nguvu ni kitambaa cha faiba, yaani nyuzi za kioo, na rezini. Rezini ya poliesta ikishatiwa kigandishi haimsubiri mtu: ukizidisha inaganda hujamaliza kuisambaza, ukipunguza inabaki inanata. Ukiimwaga juu ya povu la polistairini, inaliyeyusha. Hilo linataka epoksi, rezini ya aina nyingine. Upande mmoja ukauke, ugeuze wa pili, uweke mapezi, kisha msasa, na msasa ukienda ndani mno umekula kitambaa. Maagizo yakiongezeka, foleni huanzia hapa.

Hobie Alter wa California alianza kwenye gereji ya wazazi wake, na mwaka 1954 akafungua duka Dana Point. Mmoja wa watu wake wa rezini alikuwa Gordon Clark. Wawili hao ndio waliohangaika na povu la poliurethani mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaachana na mti wa balsa. Baadaye Clark alijitegemea, na kampuni yake ikawa ndiyo inayolisha karakana nyingi za Marekani madonge ya povu. Tarehe 5 Desemba 2005 aliifunga ghafla, na wachongaji wakaanza kugombania madonge yaliyobaki. Mtu wa chumba cha pili!

Hata hivyo, familia nyingi humrithisha mtoto randa, na rezini humwachia kibarua anayelipwa kwa ubao. Akipata penye malipo mazuri zaidi anaondoka, na mbao zinaanza kurudi zimepasuka huku baba akishangaa, maana umbo ni lilelile. Mimi ningesema, kabla ya kununua mashine ya pili, familia impe mtu huyo hisa, feni nzuri za kutoa mvuke na barakoa inayofaa. Na jina lake nalo liandikwe kwenye ubao, pembeni ya la baba.