Msingoje Nyumba Itulie Ndipo Mfume

Wiki iliyopita dada mmoja wa hapa mtaani Langoni, Lamu, alikuja kwangu kuniomba nimfundishe kufuma mtandio wa matundu. Ana watoto wawili, na wa pili bado ananyonya. Alikuja na shangazi yake. Kabla sijamtolea sindano, shangazi akamkatiza: "Mwanangu, hayo ni ya watu walioketi. Lea kwanza. Watoto wakikua utafuma upendavyo." Yule dada akanyamaza, akamaliza chai yake, akaaga bila kuugusa uzi.

Sikumjibu shangazi palepale. Ni mtu mzima, na alisema kwa wema. Lakini tangu siku hiyo maneno yake hayanitoki, kwa sababu niliwahi kuambiwa maneno hayohayo nilipokuwa na mtoto wa kwanza, nikayatii, na miaka minne ikapita sijashika sindano. Leo nayajibu. Kufuma kwa matundu ni kazi ya nyumba yenye watu, yenye sufuria jikoni na mtoto anayelia. Anayengoja nyumba itulie atangoja mpaka mikono imechoka na macho hayaoni.

Watu wakiuona mtandio uliokamilika hudhani kuna elimu kubwa ndani yake. Tundu ni kitu chepesi mno. Unazungusha uzi mara moja juu ya sindano, ukapata kitanzi kipya, na chini yake pakabaki uwazi. Idadi imezidi kwa kimoja, basi mahali pengine kwenye mstari uleule unafuma vitanzi viwili kwa pamoja, hesabu ikarudi sawa. Ongeza kimoja, punguza kimoja. Majani, almasi, mawimbi, yote yametoka hapo.

Tuchukue mtindo wa mawimbi, ambao wanawake wa visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, wameufuma kwa vizazi. Wimbi moja ni vitanzi 18. Unafuma viwili pamoja mara tatu. Kisha unazungusha uzi na kufuma kimoja, mara sita. Kisha viwili pamoja mara tatu tena. Hesabu mwenyewe utaona 18 wameingia na 18 wametoka. Na mtindo mzima ni mistari minne, ambayo mmoja tu ndio una kazi hiyo. Mitatu iliyobaki unakwenda na kurudi bila kuwaza, huku unamsikiliza mtoto akisoma juzuu, huku unanusa kama wali wa nazi umeanza kushika chini. Ni nani aliyebuni mtindo kama huu, wenye mstari mmoja wa akili na mitatu ya mapumziko, kama si mtu aliyekuwa akiitwa kila mara?

Wanawake wale hawakuwa wameketi. Walikuwa wakitoka kuchukua mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza ambao ukikauka huwaka kama kuni, wanaibeba mgongoni kwenye kapu, na mikono yao huru inafuma njiani. Kiunoni walivaa mkanda wa ngozi wenye kimto kilichotobolewatobolewa, wakachomeka sindano moja humo ili mkono mmoja upate nafasi. Kutoka kwenye mikono hiyo, hasa katika kisiwa cha Unst, zikatoka shali nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa. Huko Orenburg, Urusi, wanawake walifikia wembamba huohuo kwa manyoya laini ya mbuzi. Wengi wao walikuwa na watoto, wagonjwa na wageni nyumbani.

Na sisi Waamu tuna haja gani ya kutafuta ushahidi Ulaya? Tazameni kofia ya viua. Kila kiua ni tundu lililotobolewa kwenye kitambaa cheupe na kuzungushwa uzi kwa mkono, moja baada ya jingine, mpaka nakshi itimie, na kofia moja huchukua miezi. Nyanya yangu alizishona akiwa na wajukuu saba ndani ya nyumba. Kitambaa kilikuwa kikikaa kwenye kidaka, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na kila alipomaliza jambo mkono wake ulikwenda pale. Viua vitano kabla ya Adhuhuri, vitatu baada ya Alasiri. Sikupata kusikia mtu akimwambia angoje watoto wakue. Kofia ina heshima yake na soko lake, ndiyo sababu. Mtandio wa kufuma ukaonekana mchezo.

Mimi hufuma mistari minne kwa siku. Mtandio wangu wa kawaida una vitanzi 78, yaani mawimbi manne na vitanzi vitatu vya ukingo kila upande. Mistari minne ya vitanzi 78 ni dakika 20 hivi, na dakika hizo hazitoki kwa pamoja. Mstari mmoja nautoa nikingoja mahamri yaumuke. Mwingine kwenye boti ya kutoka Mokowe. Kuna siku nimetoa yote minne kwenye foleni ya kliniki, na mama aliyekaa kando yangu akashika ncha ya kazi akaitazama mpaka zamu yake ilipofika. Kwa mwendo huo mtandio wa sentimita 170 huniondokea katika miezi mitatu na nusu.

Uzi wenyewe ni mwembamba sana. Uzi wa masweta wa kawaida, gramu 50 ni kama mita 120. Huu wa matundu, gramu 50 hufika mita 400. Kwa hiyo mtandio mzima, pamoja na urefu wake wote, haufiki gramu 100, na kazi inaingia kwenye mkoba bila kuonekana. Hapa kwetu joto huleta shida moja, jasho la mikono. Uzi hunata kwenye sindano za chuma. Mimi nimehamia za mwanzi.

Hatari ipo, sitaificha, maana ndiyo shangazi aliyoiogopa. Mwaka juzi nilikuwa nimefuma mistari 60 ya mtandio mweupe. Nikaitwa mlangoni na mwenye punda aliyeleta mchanga. Niliporudi, mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka mitatu, alikuwa amechomoa sindano na anazunguka nayo chumbani kama upanga. Vitanzi 78 vilikuwa wazi vyote. Kwenye sweta la kawaida kitanzi kikiachia utakikuta chini yake, umepoteza mistari miwili au mitatu. Kwenye matundu sivyo. Kitanzi cha kuzungusha kikiachia hakiachi alama. Kinarudi kuwa uzi mtupu, na vile viwili vilivyofumwa pamoja vinaachana, hujui kipi kilikuwa wapi. Nilikaa chini pale kwenye mkeka usiku kucha, umeme umekatika, na taa ya simu mdomoni, nikijaribu kuviokota. Alfajiri nikafumua yote, nikalia.

Aliyenipa dawa ni shemeji yangu, mvuvi, ambaye hajawahi kufuma maishani mwake. Alinisikiliza nikieleza, akasema, "Wewe huna nanga." Akanikatia mshipi wake wa kuvulia, mwembamba, wa plastiki. Tangu hapo kila nikimaliza mistari 16, yaani mtindo mzima mara nne, naupitisha mshipi kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote 78 vilivyoko kwenye sindano, kisha naendelea kufuma juu yake. Vitanzi vikiachia, vinashuka mpaka kwenye mshipi, vinasimama hapo. Narudisha sindano kwenye njia ya mshipi, nahesabu, naanza tena. Kipande kinachopotea ni cha siku tatu, nne. Wafumaji wa nchi nyingine nao hupitisha uzi wa kuokolea namna hii, nilikuja kujua baadaye, lakini wa kwangu nimeupata kwa mvuvi na sijaona ulio bora kuliko mshipi: unateleza na haunati kwenye sufu.

Basi mtoto akichomoa sindano sasa nanyanyuka kumchukua mtoto kwanza, sindano baadaye.

Mtandio uliotoka kwenye mistari ile niliyoifumua niliuanza upya na kumpa mavyaa yangu. Upepo wa kusi ukipiga alfajiri za Julai yeye husikia baridi mabegani anapotoka kutawadha, na leso haimtoshi. Alikuwa ameuona kwenye kikapu miezi yote ile na hakusema neno, kwa sababu mtandio wa matundu ukitoka kwenye sindano ni kitu cha kusikitisha. Umejikunyata, mawimbi hayaonekani, matundu yamefumba. Mtu asiyejua ataupangusia meza.

Siku ya kuutandaza nilimwita aje atazame. Niliuloweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nusu saa, ukanywa maji ukawa kama mwani. Sufu haikamuliwi. Niliuviringisha ndani ya taulo, binti yangu akalikanyaga taulo kwa miguu yake mitupu mpaka maji yakatoka. Tukapanda juu, chini ya makuti, tukatandika leso kuukuu kwenye godoro la sponji, tukaulaza. Hapo ndipo kazi ilipo. Unaanza kwa mstari wa katikati, unavuta ncha hii, unachomeka pini, unavuta ile, unachomeka. Kisha kila mgongo wa wimbi unapata pini yake. (Pini ziwe zisizoshika kutu. Hewa yetu ya chumvi inaila pini ya kawaida kabla sufu haijakauka, na doa la kutu kwenye cheupe halitoki.) Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni. Kadiri tulivyovuta, matundu yakafunguka moja moja, mawimbi yakajitenga, na rangi ya leso ikaonekana chini yake kama chini ya maji. Akaja akapiga magoti kwenye ncha moja ya godoro akaanza kuchomeka pini yeye mwenyewe, bila kuambiwa. Upepo ulikausha kabla ya Magharibi. Tulipozitoa pini mtandio haukurudi kujikunyata. Sufu ikishakauka imevutwa, hukaa vile mpaka iloweke tena.

Anauvaa kila asubuhi ya baridi. Anauosha yeye, na kuutandaza yeye.

Kuna wanaoniambia niuze. Nilijaribu mara moja. Mwenye duka mmoja anayeuzia watalii aliushika mtandio kwa vidole viwili, akaniambia za mashine zinamfikia kwa bei ya chini, atanipa shilingi 600, nusu pesa taslimu na nusu nichague shanga dukani. Nilipiga hesabu pale pale. Mtandio ule ni kama saa 36 za mikono yangu. Ni shilingi 16 na senti kwa saa, na nusu yake ni shanga. Hainunui hata nazi moja. Nikakunja mtandio wangu nikaondoka. Baadaye nikaja kusoma kwamba wafumaji wa Shetland nao walikuwa wakilipwa chai na vitambaa na wafanyabiashara badala ya pesa, mpaka serikali ya Uingereza ikapeleka uchunguzi huko na ripoti yake ikatoka mwaka 1872. Niliposoma hayo nilishika shavu. Zaidi ya miaka mia imepita, na mimi naambiwa nichague shanga.

Mwenye kuweza kuuza kwa bei ya haki auze, namuombea. Mimi nafumia watu wangu, na sikubali kazi hiyo iitwe kupoteza wakati kwa kuwa haina risiti. Binti yangu ana miaka minane, na jedwali la sita amelijua kwenye mawimbi, akinihesabia kwa sauti: "Mbili pamoja, mbili pamoja, mbili pamoja, zungusha fuma, zungusha fuma..." Nikikosea ananisimamisha. Juma lililopita alinikamata na vitanzi 17.

Kwa hiyo, dada yangu, kama unasoma haya: usinunue sufu nyembamba kwanza. Anza na uzi wa pamba ulionenepa kidogo, wa rangi nyepesi ili uvione vitanzi. Pamba haina mvuto wa sufu, ukiifua matundu yake hulegea na itabidi uipige pasi ikiwa na unyevu, lakini haikuchomi mkononi kwa joto hili na ukikosea inafumuka bila kulalamika. Fuma wimbi moja tu, vitanzi 18, mpaka mkono uzoee. Mtoto akiamka katikati ya mstari, maliza vitanzi vilivyobaki vya mstari huo kama unaweza, na kama huwezi, acha, mshipi upo.

Nimekuwekea sindano mbili za mwanzi kwenye kikapu changu cha ukili, na donge la uzi wa pamba, na mshipi wa mita mbili. Njoo siku yoyote baada ya Alasiri, na mtoto uje naye, atalala kwenye mkeka. Na shangazi mwambie aje pia. Nitapika mahamri.